Kibao cha Manga, Futi Elfu Sita na Mia Tatu

Vijana wa karakana, siku ile mliponikabidhi saa ya ukutani na kunisindikiza hadi getini, mmoja wenu aliniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi yetu ilivyokuwa kabla ya mashine ya kukatia herufi. Nimekaa na ombi hilo wiki tatu. Nimeandika mwanzo mara kumi na moja. Katika mmoja nilianza na historia ya rangi. Katika mwingine niliomba radhi ukurasa mzima kwa kutoanza na historia ya rangi. Wanaonijua hawatashangaa. Vyeo sitavitaja, maana vimebandikwa ukutani pale ofisini, na mshahara hausomeki kwa raha hata na aliyeupokea. Nitawaeleza kibao kimoja tu, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, ambacho nusura kiwanyime watu wa Manga chai yao.

Nilifika Kisii mjini mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa nimetoka chuoni na cheti changu cha sanaa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya gazeti, gazeti ndani ya mfuko. Karakana ilikuwa nyuma ya soko, nyumba ya mabati yenye mlango wa kijani. Nilisimama mbele ya mlango huo karibu saa nzima. Nikibisha mara mbili wataona naogopa. Mara nne watadhani ni askari. Mara tatu ni sawa, lakini kwa nguvu gani? Nilikuwa bado kwenye swali la nguvu mlango ulipofunguka na mtu mwenye beseni akataka kumwaga maji machafu. Ilibaki kidogo aninawishe.

"Wewe ndiye Moraa wa chuo?"

"Ndimi, ila kama nafasi imeshajazwa naelewa kabisa."

"Imejazwa na nani? Ingia, nzi wanaingia."

Huyo alikuwa Bwana Mogaka, mkuu wa karakana. Kazi yetu, kama ilivyo kazi yenu leo, ilikuwa kutengeneza vifaa vya kufundishia: chati za mwili wa binadamu, tufe za karatasi, mifupa ya mbao. Mwaka ule kulikuwa na jambo jipya. Mwalimu mmoja wa Birongo alikuwa ameleta michoro ya darasa lake. Aliwaambia wanafunzi kwamba treni ni ndefu kama nyoka, na darasa zima likachora treni yenye mkia, wengine wakaitia ulimi. Reli haijawahi kufika kwetu, ndugu zangu, si kosa la watoto. Mimi mwenyewe, mzaliwa wa Birongo, nilikuwa nimeiona treni mara moja, huko Kisumu, nikiwa na miaka ishirini. Niliisalimu.

Basi Bwana Mogaka aliamua tujenge reli ndogo ya kupelekwa shuleni. Mwalimu mmoja wa kigeni aliyerudi kwao alituachia treni ya umeme, kichwa na mabehewa manne, kila kitu kimepunguzwa mara sabini na sita. Nilipofika, meza ilikuwa tayari, pana kama vitanda viwili. Milima ilikuwa ya magunia yaliyochovywa kwenye gundi na unga wa mbao, majukwaa ya stesheni yamechongwa kwa mawe laini ya Tabaka, na mashamba ya chai ni kuvu la mitini lililopakwa rangi. Kitu kimoja tu kilikosekana. Hapakuwa na vibao. Treni ilizunguka na kuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kigingini, bila kwenda mahali popote, kwa sababu hakuna mahali palipokuwa na jina.

Vibao ndivyo nilivyopewa, pamoja na mwalimu wa kunifundisha. Mzee Opiyo alikuwa mtu wa upande wa ziwani aliyeandika vibao halisi vya reli kwa miaka ishirini, kutoka pwani hadi Kisumu, akibeba ngazi yake na makopo yake stesheni kwa stesheni. Alipostaafu akaja mjini kwetu kuandika majina ya maduka, na Bwana Mogaka akamnyakua. Alivaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba hata jua likiwaka. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, isipokuwa nilipokosea. Nilipokosea aliniita Bi Chuo.

Siku ya kwanza alitazama herufi zangu kwa muda.

"Nani alikufundisha kuandika?"

"Chuo, Mzee."

"Chuo hicho kiko karibu na reli?"

"Hapana."

"Nilijua. Herufi hizi hazijawahi kuona treni ikipita. Zinasimama kama zinangoja kupigwa picha. Abiria ana sekunde mbili za kusoma, Bi Chuo, halafu jina limepita."

Alinifundisha mambo ambayo hadi leo sijayaona kwenye kitabu. Usiandike herufi, chora nafasi zilizo katikati ya herufi, na herufi itajitokeza yenyewe. Paka rangi nyeusi kwanza, kisha izungushie nyeupe, maana nyeupe unaweza kuirudia na nyeusi haisamehi. Brashi zetu tulizitengeneza kwa nywele za sikio la ndama, tano tu, zimefungwa kwa uzi kwenye njiti. Bamba la kibao lilikatwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia kwa mkasi wa fundi bati, karatasi ikabandikwa juu. Kutu tuliipata kwenye birika: chai ya rangi, kali kama ya matangani, inapakwa pembeni mwa karatasi, inaachwa ikauke, inapakwa tena, mpaka kibao kinaonekana kimenyeshewa miaka kumi. Kisha unga wa mawe ya Tabaka unapulizwa juu kidogo, na hapo una vumbi la jukwaani. Mkipuliza sana mnapata mtu aliyejipaka poda. Nimempata mara nyingi.

Nilivyofurahi! Sijui niwaeleze vipi. Mimi niliyeshindwa kubisha mlango, ghafla nilikuwa na kazi ambayo kuwaza kupita kiasi ndiyo kazi yenyewe. Je, msumari wa kibao cha "Tiketi" uonekane au la? Ndege angekaa upande gani, kinyesi chake kingechuruzikia wapi? Mzee Opiyo alinijibu maswali hayo yote kwa uzito wa hakimu. (Ndege hukaa upande wa kutokea jua. Nilihakikisha baadaye. Ni kweli.)

Kisha Bwana Mogaka akapata wazo. Mtoto wa Nyamira akiona Voi na Naivasha, alisema, ataona treni ni ya watu wengine. Acheni stesheni mbili za mwisho ziwe za kwetu: KISII na MANGA.

"Reli haijafika huko," Mzee Opiyo alisema.

"Mezani imefika."

Mzee Opiyo alifikiri. "Stesheni isiyokuwapo naweza kuandika. Futi zisizokuwapo siandiki."

Kwa ambao hamjui: kibao cha stesheni ya reli yetu huandikwa jina, na chini yake urefu wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari. Bila futi, alisema mzee, hicho ni kibao cha duka la sukari. Tulikimbilia ramani iliyokuwa kabatini. Mchwa walikuwa wameila, na kwa chuki ya ajabu walikuwa wameanzia Manga.

Hapo nikakumbuka fizikia ya shule ya upili. Maji huchemka mapema kadiri unavyopanda juu. Ukijua yamechemka kwenye joto gani, unajua uko futi ngapi. Niliazima kipimajoto cha maabara kutoka shule moja ya sekondari, nikachemsha maji nyuma ya karakana mara nne, nikapata futi za Kisii: elfu tano na mia sita. Kesho yake nilichukua sufuria, nikaenda Manga.

Mnaujua ukingo wa Manga unavyoangusha upepo. Moto wangu ulizimika mara tatu. Mara ya nne akatokea mwenye shamba, panga mkononi, mzee mrefu wa miguu mikubwa. Tulizungumza kwa Ekegusii, lugha yetu ya Wakisii, nami maneno yetu nitayaandika kwa Kiswahili.

"Binti, kwenu mmekosa jiko?"

"Hapana, mzee wangu. Napima."

"Unapima nini kwa uji usio na unga?"

"Urefu wa stesheni kutoka baharini."

Aliitwa Mzee Onsongo. Alikwenda akarudi na kuni kavu, akaninyooshea gunia kukinga upepo, akalishika mwenyewe kwa mikono miwili kama pazia. Nami, kwa shukrani, nilimweleza kila kitu: mvuke, uzito wa hewa, sababu ya maharagwe ya Manga kuchelewa kuiva kuliko ya Kisumu. Nilizungumza nusu saa nzima. Alisikiliza kila neno. Kipimajoto kikasema tisini na tatu na nusu, nikaandika kwenye daftari, futi elfu sita na mia tatu, naye akaomba aonyeshwe nilipoandika. Maji yalipopoa aliyaonja.

Katika nusu saa hiyo kitu kimoja tu sikukisema, kwa kuwa kwangu kilikuwa wazi mno: kwamba stesheni yenyewe ina urefu wa mche wa sabuni.

Kibao cha Manga nilikiandika mara kumi na tisa. Tarakimu zake zilikuwa na ukubwa wa punje ya wimbi. Ilinibidi nivute pumzi, niishike, nisubiri moyo upige, niguse, niachie. Cha kumi na tisa kilipokauka tulikisimamisha jukwaani. Mzee Opiyo alilaza shavu lake mezani, akafumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu hadi nikaanza kutunga barua ya kuacha kazi.

"Mzee? Kuna kosa?"

"Nyamaza. Natafuta mzigo wangu nishuke."

Niliruka! Nilicheza nikizunguka meza, nikaangusha kopo la rangi nyeupe juu ya kuvu la chai la Nyamira yote, na kwa siku mbili tulikuwa na theluji. Sijawahi kupokea sifa iliyonifikia zaidi ya hiyo, na nimekaa kazini miaka mingi.

Wiki iliyofuata yalikuwa maonyesho ya kilimo, na tulipewa kibanda kati ya ng'ombe wa maziwa na cherehani. Ijumaa mambo yalikwenda vizuri. Watoto walipiga mayowe, watu wazima wakajifanya wameleta watoto. Jumamosi mimi ni Msabato, kwa hiyo nilikuwa kanisani Birongo, na Mzee Opiyo akabaki na meza peke yake. Ekegusii hakujua zaidi ya salamu. Kiswahili chake kilikuwa cha reli: kifupi, na hakirudi nyuma.

Jumapili asubuhi nilikuta foleni mbele ya kibanda. Mbele kabisa walikuwa akina mama watano wa Ogembo, na kiongozi wao, Mama Kwamboka, alikuwa amejifunga leso kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana.

"Ni wewe msichana wa kupima?"

"Nimewahi kupima, mama, ndiyo."

"Ogembo imekosa nini? Hebu tuambie. Sisi tuko na ndizi, tuko na soko. Manga wako na nini? Mawe na upepo!"

"Na mtakuja kupandia kwetu!" mwanamume mmoja wa Manga akadakia kutoka nyuma. "Mkute tumejaza viti!"

"Nyamaza wewe, treni ikifika huko juu itashikwa na kizunguzungu!"

Nilicheka hadi nikashika meza. Nilidhani ni utani. Halafu nikaona kwamba wao hawacheki sana, nikamvuta Mzee Opiyo pembeni.

"Jana kulitokea nini?"

"Mazuri sana. Alikuja mzee mmoja wa Manga, mrefu. Akaona kibao. Akasema, hapa ndipo yule msichana alichemsha maji, mimi nilishika gunia. Akaniuliza, hizi futi ni za kweli? Nikamwambia ni za kweli kabisa, mimi nimeandika vibao vya reli miaka ishirini."

"Ukiwa umevaa hilo koti."

"Nivae nini?"

"Mzee, hukumwambia ni mfano?"

"Nyara, treni yenyewe ni ndogo kama nyoka wa majani. Mtu mzima ana macho. Nitamwambia treni hii ni ndogo?"

"Sasa walidhani meza hii ni nini?"

Alikuna kidevu. "Walisema ni ramani."

Na hapo nikaelewa, na nawaomba nanyi mwelewe kabla ya kucheka. Miaka ile ndiyo wapima ardhi walikuwa wamepita katika milima yetu yote na minyororo na vigingi, wakigawa mashamba. Kila mtu alikuwa amejifunza mambo mawili: kwanza inakuja karatasi ndogo yenye mfano wa shamba lako, halafu shamba linakuwa hivyo. Na hakuna anayekuja kukupimia bure. Mzee Onsongo alikuwa ameona kipimo kikichukuliwa shambani kwake, ameona tarakimu ikiandikwa, ameona tarakimu ileile kibaoni, na mtu wa reli mwenye vifungo vya shaba ameithibitisha. Mimi mwenyewe ningeanza kufungasha.

Siku nzima niliwaambia watu kwamba ni kifaa cha kufundishia. Walitikisa vichwa kwa adabu, kama watu wanaojua kuwa afisa haruhusiwi kusema. Nilipoisimulia hadithi hiyo karakanani, Bwana Mogaka alicheka akatoka nje kucheka zaidi. Tulicheka wiki nzima. Nilikuwa na raha isiyo na aibu: kazi yangu ilikuwa nzuri kiasi kwamba ilikuwa imejenga reli!

Kisha akaja afisa wa chai. Alikaa juu ya kopo la rangi bila kuangalia kama limefunikwa.

"Nani hapa anajenga reli Manga?"

Akaeleza. Mzee Onsongo alikuwa amesubiri zamu yake ya miche ya chai misimu miwili. Miche ilikuwa imefika, iko kwenye vifuko chini ya migomba, naye hapandi. Ardhi ya chai, anasema, ndiyo itakayopitiwa na treni. Amesimama kwenye baraza akawaambia majirani wangoje, na nyumba nne zimeweka jembe chini. Mvua za masika zilibakiza kama wiki mbili. Miche isipokuwa ardhini kufikia hapo itakauka kwenye vifuko, na zamu nyingine ya miche haijulikani.

Kicheko kilinitoka mwilini kama maji kwenye beseni lililotoboka.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kifundi. Nilipendekeza kibao kipya cha kusimamishwa kando ya stesheni: "Huu ni mfano tu." Mzee Opiyo alinitazama kana kwamba nimetukana.

"Umeona wapi stesheni imeandikwa kuwa si stesheni?"

"Ni kwa ajili ya ukweli, Mzee."

"Kwa kipimo gani?"

Nikapiga hesabu. Kwa kipimo chetu, kibao hicho kingesomeka na siafu, na siafu hapandi chai.

Bwana Mogaka hakucheka tena. "Moraa, ukichemsha sufuria kwa watu, unakwenda kuipakua mwenyewe. Kesho."

Nilikwenda Manga nikiwa na barua tatu za kuacha kazi, kila moja kwa sauti tofauti, ili nichague nikiona hali ilivyo. Kibao nilikitia kwenye kibiriti kitupu. Mzee Opiyo alisema atakuja nami, kwa kuwa futi zile ni zake pia. Njia nzima ya kupanda ukingo nilirudia hotuba yangu. Ilikuwa na utangulizi, sehemu nne na shukrani.

Mzee Onsongo alituona tukiwa bado chini.

"Kerubo!" alimwita mkewe. "Kerubo, watu wa reli wamekuja! Weka maji ya ugali!"

Hakutupa nafasi ya kukaa. Alitushika mikono, akatupeleka shambani. Udongo mwekundu ulikuwa umelimwa ukalainishwa, tayari, mzuri wa kula. Na katikati yake, kutoka mpaka hadi mpaka, alikuwa amepiga vigingi vya mianzi, mistari miwili sambamba, ikipinda taratibu na kiuno cha mlima. Majirani walianza kujitokeza kwenye migomba kuona.

"Sikutaka mje mnikute sijajitayarisha," alisema. "Nimewapa pahali pazuri. Wengine watawapa mawe. Niambie, mkubwa," akamgeukia Mzee Opiyo kwa Kiswahili, "hii itatosha gari moshi?"

Nami nilijua hapa ndipo pa kuanza hotuba, sehemu ya kwanza. Lakini Mzee Opiyo alikuwa tayari amechuchumaa nyuma ya kigingi cha kwanza, jicho moja limefumbwa.

"Nani alipiga hivi vigingi?"

"Mimi."

"Kwa chombo gani?"

"Kamba na chupa ya maji."

"Nyara, njoo uone. Huu mwinuko treni ingeupanda bila kukohoa!"

"Mzee!" nikapiga kelele, na hotuba yote ikanitoka kinyumenyume, shukrani kwanza. Nilisema hakuna treni. Nilisema ipo, lakini inaingia kwenye kikapu. Nilisema stesheni ni jiwe la Tabaka, milima ni magunia, chai ni kuvu, na ni mimi niliyezungumza nusu saa nzima juu ya mvuke bila kumwambia jambo moja alilohitaji kujua. Nikafungua kibiriti, nikamwekea kibao kwenye kiganja.

Kilipotea kwenye kiganja hicho. Alikisogeza karibu na jicho, akakisogeza mbali. Kerubo, aliyekuwa amesimama na mwiko, aliinama akasoma pia.

"Si nilikuambia?" alisema polepole. "Si nilikuuliza, Onsongo, treni itageukia wapi, jikoni kwangu?" Na akaanza kucheka, akacheka hadi mwiko ukamwanguka.

Mzee Onsongo hakucheka. "Futi hizi ni za kweli?"

"Za kweli," mimi na Mzee Opiyo tukasema pamoja.

"Basi kibao hakikudanganya. Kimesema Manga iko juu. Treni tuliiongeza sisi." Alitazama majirani waliokuwa wakisogea, akashusha sauti. "Lakini niliwaambia wangoje. Mbele ya watu. Sasa niwaambie nini, binti? Kwamba Onsongo amezuiwa kupanda na kitu cha kukaa kwenye kibiriti?"

Nilichokuwa nimekichezea hakikuwa miche peke yake. Lilikuwa neno la mtu huyu mbele ya watu wake, na sikujua linarudishwaje.

Mzee Opiyo aliinuka akijishika magoti. "Mkubwa," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi migombani, "reli haipandi mlima, inauzunguka. Na maji ya mvua ni hivyo hivyo. Wewe umepiga mstari ambao maji yakiteremka yatagonga hapa yasimame, yasibebe udongo. Afisa wa chai anazunguka kufundisha watu jambo hili, na wewe umelifanya kwa chupa! Panda chai juu ya hii mistari. Halafu uongeze mistari mingine hivi hivi, juu na chini."

Majirani wakaja kuangalia. Mmoja alichuchumaa nyuma ya kigingi kama alivyoona mzee akifanya, akafumba jicho. Mwingine akauliza kama kamba ile inaweza kuazimwa. Mzee Onsongo alikohoa.

"Nilisema mngoje," akawaambia, "sasa nimemaliza kupima." Akanipa kibao changu, akavua shati. "Treni haiji. Leteni miche."

Na tulipanda, ndugu zangu! Mzee Opiyo alivua koti la reli, jambo ambalo sikuwa nimeliona, akalitundika kwenye kigingi. Mimi nilibeba vifuko, Kerubo alichimba, majirani wakachana vifuko na kushindilia udongo. Nilipomkabidhi Mzee Opiyo mche wa kwanza aliuweka shimoni akasema, kama mtu aliye jukwaani, "Mombasa!" Wa pili ukawa Mazeras. Wa tatu, Mariakani. Aliziita zote, kila stesheni aliyowahi kuiegemezea ngazi, na futi zake bila kukosea: Voi, Mtito Andei, Makindu, Sultan Hamud. Watu walianza kumwitikia. Tulipofika Nairobi mtu alipiga mluzi. Limuru, mtoto wa jirani alisema anasikia baridi. Tulishuka Naivasha, tukapita Nakuru, tukapanda Londiani tukihema kwelikweli, tukateremka Muhoroni, na katikati ya mstari wa tatu mzee akaweka mche ardhini, akasema, "Kisumu," na kunyoosha mgongo. Reli ilikuwa imeisha. Nusu ya miche ilikuwa bado kwenye vifuko.

"Kwani dereva amechoka?" Mzee Onsongo akauliza.

"Mimi naita tu niliyoandika."

"Basi lete." Alichukua mche, akapiga goti. "Oyugis!" Mwingine. "Kisii!"

"Futi elfu tano na mia sita!" nikapaza sauti.

"Ogembo!"

"Ogembo mbali, unarudi nyuma!" majirani wakalalamika.

"Treni ni yangu! Ogembo! Birongo! Nyamira!"

Akaita masoko yote, vijito vyote, makanisa, Katoliki na Sabato kwa zamu, akaita nyumba za majirani zile nne moja moja, na kila mwenye nyumba akaja kupanda mche wake mwenyewe na kutangaza kwa kelele ni futi ngapi, wote wakidai wako juu kuliko mwenzao. Barua zangu tatu zililowa mfukoni, na mchana kutwa sikuwa nimewaza chochote. Jua lilikuwa bado juu ya ukingo tulipobaki na kifuko kimoja. Mzee Onsongo alikichana polepole, akashindilia udongo kwa viganja vyote viwili, na hakuhitaji kutaja jina, wote tulilitaja.

"Haya, abiria shukeni," Kerubo akaita kutoka mlangoni, "ugali unapoa."